Barua ya wazi kwa vijana mnaotaka seli zenu zisizeeke

Wanangu,

Naona mnatumiana matangazo ya vidonge vya kurefusha telomea, zile ncha za nyuzi za DNA ndani ya seli, eti ukimeza seli zinarudi ujanani, na mzee wenu nimeshinda na habari za seli miaka mingi sana siwezi kukaa kimya. Nisikilizeni kidogo.

Zamani wakubwa wa sayansi waliamini seli zikilelewa vizuri zinagawanyika milele. Alexis Carrel, daktari Mfaransa wa upasuaji, ndiye aliwaaminisha, na seli zake za moyo wa kifaranga ambaye hajaanguliwa, na vile alikuwa na Tuzo ya Nobeli nani angembishia? Mwaka 1961 watafiti Leonard Hayflick na Paul Moorhead wakaonyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zinagawanyika kama mara 50 hivi halafu basi, zinagoma. Watu wakasema ah, labda chakula kibaya, labda kuna virusi. Hayflick na mwenzake wakachukua seli za kawaida za mwili wa kiume zilizoshagawanyika sana wakazichanganya na za mwili wa kike ambazo bado changa, chombo kimoja chakula kimoja, baadae kuangalia zimebaki za kike tu. Ingekuwa chakula au virusi si zingekwama zote? Maana yake hesabu iko ndani ya seli yenyewe. Hilo jaribio mimi nalipenda mpaka leo.

Inahesabu vipi sasa? Ncha za kromosomu, yaani hizo nyuzi za DNA, ndo telomea, ni herufi TTAGGG zinazojirudia maelfu ya mara, na kila seli ikigawanyika zinapungua. Zikiwa fupi mno seli inaona kama DNA imekatika, protini p53 inaamka, inawasha jeni ya p21, mgawanyiko unasimama. Kuna na njia nyingine ya kuusimamisha, ya protini p16 inayopitia protini ya RB. Seli iliyosimama hivyo haifi, ukiitazama kwa hadubini imetanuka imekuwa bapa, na inamwaga kemikali za kuwasha uvimbe kama ule wa kidonda kwa majirani zake, ndio maana zikirundikana mwilini zinatuzeesha kweli, hapo siwabishii.

Ila huko kusimama ni breki ya kansa jamani, haikuwekwa kwa bahati mbaya. Jeni ya TERT inayotengeneza telomerasi, kimeng'enya cha kurefusha telomea, imezimwa kwenye seli nyingi za mwili. Mwaka 1998 watafiti waliiwasha kwenye seli za kawaida na zikapita kikomo zikaendelea kugawanyika, na wauzaji wenu wameishia kusoma hapo hapo! Hawawaambii kwamba karibu asilimia 90 ya kansa nazo zimeiwasha telomerasi, wala kwamba TP53, jeni ya hiyo p53, imeharibika kwenye karibu nusu ya kansa zote. Seli za Henrietta Lacks, yule mama aliyefariki 1951 kwa kansa ya shingo ya kizazi, mpaka leo zinagawanyika maabara, kwa sababu kirusi cha HPV, kinacholeta kansa hiyo, kiliziachia protini mbili, moja inaiangamiza p53, nyingine inaifunga RB, na telomerasi iko kazini muda wote. Hizo ndo seli zisizozeeka, na zilimuua mwenyewe.

Tena kuna familia zinarithi badiliko dogo tu linaloongeza nguvu ya TERT na wanachopata ni melanoma, kansa mbaya ya ngozi. Na wanaorithi TERT dhaifu nao wanaumwa, uboho unashindwa kutengeneza damu, mapafu yanakakamaa. Kwa hiyo telomea ndefu sio sifa na fupi sio sifa.

Wale mnaopima telomea kwa damu mjue mara nyingi wamepima seli nyeupe tu, ubongo na moyo hawajavigusa, msijitangazie umri mpya kwa karatasi ile.

Na aliyekwisha nunua, kabla hujameza mpelekee daktari hicho kichupa akisome, hasa kama kwenu kuna historia ya kansa, na umwambie nani aliugua na akiwa na umri gani, usimfiche.

Mzee wenu