Risala kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Kuzindua Shamba la Shule

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima,
Mjumbe wa Mwami, mtawala wetu wa jadi, wazee wetu, wanakamati ya wazazi, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi wapenzi,

Karibuni Bagira. Nimetumwa kusoma risala hii kwa sababu mimi ni mmoja wa waliofundishwa na mzee ambaye shamba hili tunalifungua kwa heshima yake. Sisi darasani tulimwita Mwalimu, na majirani walimwita Baba Soda, yaani Baba Askari, maana alikuwa askari kabla ya kuwa kitu kingine chochote, isipokuwa mkulima, kwani ukulima alizaliwa nao huko Kabare.

Aliandikwa katika Force Publique, jeshi la wakoloni, wakati mji huu wa Bukavu ungali ukiitwa Costermansville. Mwaka 1941 alikuwa miongoni mwa askari wa Kongo waliovushwa Sudani hadi Uhabeshi kupigana na Waitalia. Asosa ilitekwa tarehe 11 Machi, Gambela tarehe 23 ya mwezi huo huo, na tarehe 3 Julai Jenerali Pietro Gazzera akasalimu amri huko Saio, yeye na majenerali wenzake na maelfu ya askari wao. Watoto wetu hupita karibu na Kambi Saio hapa mjini bila kujua kwamba jina hilo lilitoka mbali namna hiyo, tena lililetwa na babu zao. Mwalimu alipotusimulia hakukaa sana kwenye risasi. Alieleza mvua, mlima wa kupanda na tumbo tupu, na hakuna mara hata moja aliyosimulia vita ile bila kuwataja wapagazi, ambao walibeba mizigo njia nzima na ambao, alisema, hakuna aliyeandika majina yao.

Neno hilo la majina lilimkaa moyoni kwa sababu lilimpata yeye mwenyewe. Aliporudi nyumbani alikuwa na karatasi ya utumishi ambayo hakuweza kuisoma, na jina lake lilikuwa limekosewa herufi mbili. Kwa ajili ya herufi hizo, malipo ya uzee aliyoahidiwa hayakumfikia, ingawa alikwenda na kurudi katika ofisi husika mpaka viatu vikaisha. Akajifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwa mwanga wa koroboi, na baadaye, shule zilipopungukiwa na walimu baada ya uhuru, akakubali kusimama mbele ya watoto wa mtaa huu. Somo lake la kwanza kwa kila darasa jipya lilikuwa jina la mtoto mwenyewe. Uliandika jina lako, la baba yako, la mama yako na la kijiji chako, naye akapita dawati kwa dawati akiweka kidole chini ya kila herufi. Hukuingia somo la pili kabla kidole hakijafika mwisho bila kusimama. Wengine tuliona anatuchelewesha. Leo, nikijaza karatasi yoyote ya serikali, ninakiona kidole kile.

Fimbo hakuishika. Jeshini aliona watu wazima wakilazwa chini na kuchapwa kiboko mbele ya wenzao, na alituambia kwamba kitu kilichofundishwa kwa kiboko hutupwa siku kiboko kinapoondoka. Ushahidi wake ulikuwa milima yetu hii. Wakati wa ukoloni, wakulima wa Kivu walilazimishwa kuchimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko, na aliyekataa aliadhibiwa. Uhuru ulipofika watu wengi waliifukia, kwa sababu waliiona kama sehemu ya utumwa, na mvua ikaanza kushusha udongo mweusi mabondeni. Mwalimu hakuwalaumu, lakini alirudi kwenye shamba la baba yake akaichimba upya peke yake, bila kuamrishwa na mtu. Majirani walimcheka msimu mmoja. Msimu uliofuata maharage yake yalisimama imara kwenye miti, nao wakaja kumwomba awapimie.

Chombo alichopimia kiko mezani mbele yako, Mheshimiwa. Ni miti miwili iliyofungwa juu na kupanuliwa miguu, na mti wa tatu umekatiza katikati, umbo la herufi A. Kutoka kileleni inaning'inia kamba yenye jiwe. Unakisimamisha, unatia alama pale kamba inapogusa mti wa katikati, kisha unabadilisha miguu mahali pale pale na kutia alama ya pili. Nusu ya umbali kati ya alama hizo ndiyo usawa. Hapo ndipo sisi wa darasa la tano tulipoelewa nusu ni nini, baada ya kuikariri mwaka mzima. Tulikizungusha chombo mguu baada ya mguu kando ya mlima, tukipigilia kijiti kila kamba ilipotulia kwenye alama ya usawa, hadi vijiti vikachora mstari ambao maji hayawezi kuukimbia. Kisha tulichimba mfereji, na kingo zake tukazipanda matete, ambayo mbuzi wa wazazi wetu waliyala.

Mwaka 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha nishani Kaporali Albert Kunyuku, askari mzee wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, huko Kinshasa. Tulifurahi kwa dhati, tena tukaumia, kwa kuwa Mwalimu alikuwa amekwisha kuzikwa, kifua chake kikiwa kitupu.

Mheshimiwa, shule yetu ina mambo mawili ya kukuomba. La kwanza ni msaada wako ili kiwanja hiki kipate hati, kwa maana tumeona mashamba ya shule nyingine yakikatwa vipande vya kujengea nyumba, na karatasi yetu tunataka iandikwe jina la shule bila kosa la herufi hata moja. La pili ni majembe, koleo na mbegu za matete, kwani mvua ya Septemba iko karibu, na udongo ulio nyuma ya darasa la sita umeanza kuacha msingi wa ukuta wazi.

Jiwe limefungwa kwenye kamba, na wanafunzi wa darasa la tano wameshika vijiti. Tunakuomba ushuke nao hadi kule nyuma ukapime hatua ya kwanza.

Ni sisi, walimu, wazazi na wanafunzi wa shule hii.