Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayechora nyumba

Mpwa wangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Mchoro wa ile nyumba ya wageni umenifikia, nami nimeukalia siku tatu kabla ya kukujibu, kwa kuwa maneno uliyoandika chini yake yalinishughulisha kuliko mchoro wenyewe. Umesema kwamba umeweka zidaka ukutani, yaani vile vishimo vya kuwekea vyombo, mlango wa kuchonga na dari ya boriti kama ilivyo kwa bibi yako hapa Lamu, na bado chumba hakitulii. Nakujibu hadharani kwa sababu wenzako wengi wanaochora nyumba za pwani wana maradhi hayo hayo.

Tuanze na boriti. Wewe umezibandika chini ya zege ziwe pambo, na chumba chako kina upana wa mita 6. Mkoko hautoi boriti ya urefu huo. Mti ulionyooka na mnene wa kubeba sakafu ya mawe na chokaa hukupa kama mita 3, na kutoka hapo utoe ncha mbili zinazozama ukutani. Ndiyo maana vyumba vya nyumba kongwe za mawe, kuanzia Pate na Lamu hadi Mji Mkongwe wa Unguja, ni virefu na vyembamba, upana wake ukizunguka mita 2.5 hivi. Boriti zizo hizo zilipakiwa majahazini zikapelekwa Ghuba, na huko, katika miji isiyo na misitu, watu wakalala katika vyumba vilivyopimwa na mti uliokulia kwenye matope yetu. Fundi aliachiwa urefu wa chumba, kimo cha ukuta na mpangilio wa zidaka. Upana hakuachiwa, na hayo mengine yote aliyapima kwa kuuangalia huo upana.

Jambo hili si geni kwako, maana umelelewa na mama aliyekuhesabia mizani, yaani silabi za shairi, kwa vidole. Chukua methali tunayoitaja kila siku: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hesabu kipande cha kwanza: nyu-mba-nje-ma-si-m-la-ngo. Mizani 8, pamoja na ile m ya mlango inayojisimamia peke yake. Kipande cha pili: fu-ngu-a-u-i-ngi-e-nda-ni. Mizani 9. Katika mazungumzo hakuna anayeona tofauti, kwa sababu ulimi huzipitia irabu zile tatu zilizofuatana kwa pumzi moja. Malenga anayetaka mshororo wa mizani 16, 8 kwa 8, hawezi kuiacha hivyo. Atasema "fungua ingia ndani", na papo hapo methali inaimbika. Kilichotolewa ni silabi moja, lakini ikibaki, sauti itafika mwisho huku neno bado limo kinywani.

Sasa tazama ukuta wako. Zidaka za bibi yako ni ndogo, zimepangwa safu juu ya safu, na kati ya kidaka na kidaka pana ukanda mtupu wa chokaa. Ukanda ule ndio kituo cha kati cha mshororo: jicho hupumzika hapo kabla ya kuchukua kipande kinachofuata. Wewe umechora zidaka tano pana kama madirisha, na kila palipobaki nafasi umetia taa. Hapo jicho halina pa kuvuta pumzi. (Aliyetunga Al-Inkishafi, ule utenzi wa kale, alipotaka kuonyesha jinsi majumba ya Pate yalivyokwisha, alitaja madaka, ndizo hizi zidaka, yaliyokuwa ya sahani, sasa wamelala makinda ya ndege. Naamini hakuyachagua bure. Madaka ndiyo yaliyokuwa yakihesabiwa na macho ya wageni.)

Lipo na suala la mwendo, na hapa ndipo mchoro wako ulipokosea zaidi. Kwa bibi yako huingii chumbani moja kwa moja. Unakaa kwanza dakani, yaani barazani mlangoni, unapita kiwandani, ule ua wa kati penye jua, unaingia msana wa tini, ukumbi wa chini, kisha msana wa yuu, ukumbi wa juu yake, kisha ndani, na kila unapovuka sakafu inapanda kidogo na mwanga unapungua. Vyumba hivyo vimefuatana sambamba, upana wao haupishani sana, kama mishororo ya ubeti mmoja. Mguu unajua kipimo kabla kichwa hakijajua. Katika mchoro wako mgeni anafungua mlango na kuona kila kitu, hadi bafu. Umempa kibwagizo kabla ya ubeti.

Usije ukadhani nakufunga kwenye mita 2.5. Zege lina nguvu zake. Mshairi Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, wako waliosema hayo si mashairi, nami nadhani walikosea, kwa kuwa alipokiacha kipimo cha urithi alijitwisha kazi ya kutafuta kingine katika pumzi ya msemaji. Wewe umekiacha cha mkoko na cha zege hujakitafuta. Ziondoe hizo boriti za uongo, uliulize zege lenyewe linataka nguzo ngapi na umbali gani kati yake, kisha zidaka, milango na hata ngazi zitoke katika umbali huo.

Ukija likizo, lete futi. Tutaanzia darini: bibi yako anashikilia kwamba boriti za chumba cha ndani ni 23, nami kila nikizihesabu nikiwa nimelala chali napata 22, na tangu mwaka jana hakuna aliyekubali kushindwa.

Wako,
Mjomba