Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: Hiari yangu niliikuta imeshachapwa

Mheshimiwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii,

Nakuandikia kutoka Walukuba, Jinja. Nina miaka 41 na sina kazi tangu Machi. Kiwandani nilikokaa miaka 11 wanasema niliacha kwa hiari, na kweli sahihi ni yangu. Lakini fomu niliikuta imeshachapwa, sentensi moja tu: "Ninaacha kazi kwa hiari yangu mwenyewe." Karani alinisogezea kalamu iliyofungwa kamba mezani, akasema nikisaini, mshahara wa Januari utatoka siku ile ile. Ulitoka. Wa Februari naungoja mpaka leo.

Kabla ya hapo walinihamishia zamu ya usiku bila kuniuliza, nami nina mtoto wa miaka minne. Bodaboda wa usiku hataki bei ya mchana. Mshahara ukilala miezi miwili, utamlipa na nini?

Nikaenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Uganda. Miaka yote hiyo nilikatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri akiweka 10. Binti wa dirishani alinieleza kwa upole: tangu marekebisho ya sheria ya mfuko ya 2022, aliyefika miaka 45 na kuchangia miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Miaka 10 ya michango ninayo, ya kuzaliwa ndiyo haijatosha. La sivyo nisubiri nifike 50, tena niwe nimekaa mwaka mzima bila ajira. Fao la kukosa ajira Uganda hatuna.

Watanzania wanalo: theluthi ya mshahara kwa miezi sita, ukiwa umechangia miezi 18. Shemeji yangu wa Mwanza alipolisifia nikamuuliza, na aliyeacha mwenyewe? Akacheka. Huyo hapewi. Siwalaumu, maana mfuko wa kumlipa kila aliyegombana na bosi wake ungekauka mapema.

Ila hiyo hiari inapimwaje? Sheria yetu ya Ajira ya 2006 inasema mfanyakazi akiondoka kwa sababu mwajiri amemtendea isivyostahili, hesabu yake ni kuachishwa kazi. Wenzangu wawili waliosaini fomu kama yangu hawajui hilo. Hawakukanyaga kwa afisa wa kazi, wakiamini sahihi imeshawafunga.

Mheshimiwa, siku mtakapoleta fao hilo hapa, kifungu hicho cha Sheria ya Ajira kiingie humo kama kilivyo. Na kwa sasa, kabla ya fao lolote, toa agizo kuhusu hizi fomu za kuacha kazi. Sababu isichapwe na mwajiri. Iachwe mistari mitano, mfanyakazi aandike kwa mkono wake, kwa lugha anayoijua, na nakala ifike kwa afisa wa kazi wa wilaya.

Mimi ningeijaza yote mitano na kugeuza karatasi.

Wako,
Mama wa zamu ya usiku, Walukuba