YAH: Mbao za kenchi mlizoniuzia zikiwa mbichi na pungufu ya urefu

Kwa Meneja Mauzo,

Nilipogonga msumari wa kwanza kwenye mbao zenu, maji yalichuruzika pembeni ya kichwa cha msumari. Nilidhani ni jasho langu. Nikagonga wa pili, yakatoka tena. Mbao hizo hati yenu ya mauzo inaziita "kavu, unyevu usiozidi asilimia 19". Nakala nimeiambatanisha, pamoja na picha.

Nyumba hii naijenga mwenyewe. Kuta nimezipandisha kwa mikono yangu, na kupaua nimeamua nisimpe mtu. Nalisema mapema kwa sababu mhudumu wenu wa simu, alipojua kuwa mimi si fundi, alibadilisha sauti na kuanza kunifundisha.

Niliagiza mbao 22 za inchi 2 kwa 6, kila moja mita 4.2, za miguu ya kenchi 11, yaani zile mbao mbili za mteremko katika kila fremu ya pembetatu inayobeba paa. Urefu huo sikuukisia. Nyumba ina upana wa mita 6, kwa hiyo kutoka ukutani hadi katikati ni mita 3, na kilele kinapanda mita 1. Mguu wa kenchi unakuwa mita 3.16 kutoka kileleni hadi ukutani. Ukiongeza upenu wa sentimita 60 kwa kipimo cha mlalo, kwa kufuata mteremko unafika 3.79. Zinazobaki ni za kukatia pembe na kuondoa ncha zilizopasuka. Katika mbao mlizoleta, 14 ndizo zenye mita 4.2. Nane zina mita 3.6.

Mtauliza kwa nini nilisaini. Mzigo ulikuwa umefungwa kwa mikanda, vichwa vya mbao vimesawazishwa upande wa mbele ninapoanzia kuhesabu, na zile fupi zimewekwa katikati ya fungu ambapo ukiwa mbele huzioni mpaka ukate mikanda. Nilihesabu, zikatimia 22, nikasaini. Kutozunguka nyuma kuangalia ni kosa langu na ninalikubali. Kuzipanga namna ile, hata hivyo, si kazi yangu.

Nilipopiga simu niliambiwa, "Punguza upenu tu." Nimepiga hesabu ya ushauri huo. Kwa mbao ya mita 3.6 upenu unabaki kama sentimita 41 badala ya 60, tena kwenye kenchi nne tu kati ya 11. Ukingo wa paa utaingia ndani katikati ya nyumba kama meno yaliyong'oka, na maji ya mvua yatadondokea karibu na ukuta ambao bado sijaupiga lipu. Au nikate upenu wote uwe mfupi, yaani nyumba yangu ifuate makosa ya ghala lenu.

Lakini ufupi ni jambo dogo. Mbao fupi unaiona kwa futi. Unyevu ndio umeniumiza.

Kenchi ya kwanza niliilaza chini ikawa kipimo, nikatengeneza nyingine sita juu yake, zote zikalingana. Nilizisimamisha ukutani, nikafunga turubai pasipogusa mbao, nikasubiri majibu yenu kuhusu zile fupi. Siku ya kumi na mbili nilivuta uzi kutoka kenchi ya kwanza hadi ya saba. Ya tatu imeuinua uzi, ya tano iko chini yake, na tofauti ya hizo mbili ni milimita 22. Mguu mmoja wa kenchi ya tano umejipinda kama mtu anayegeuka kuangalia nyuma. Kwenye kilele, mahali mbao mbili zilipokutana bila hata nafasi ya karatasi, sasa naingiza sarafu. Misumari kadhaa natikisa vichwa vyake kwa vidole, maana mbao ikinywea huku msumari umeshaingia, mshiko hulegea.

Mhudumu wenu alinijibu, "Zitanyooka zenyewe ukishapiga bati." Naomba mtu mmoja katika kampuni yenu anieleze jinsi bati litakavyonyoosha mbao ya inchi 2 kwa 6. Ninavyojua mimi, bati ndilo hufuata mbao, na paa hubaki na mawimbi maisha yake yote.

Kipima unyevu sina, kwa hiyo nilitumia njia ya zamani. Nilikata kipande kutoka mbao ambayo sijaitumia, nusu mita kutoka mwisho wake kwa kuwa ncha hukauka mapema na hudanganya. Kilikuwa na gramu 600. Nikakiweka kwenye oveni ya jikoni, joto la nyuzi 100 na kidogo, nikawa nakipima mpaka uzito ulipoacha kushuka. (Waliokuwa wanataka kupika siku hiyo wana malalamiko yao, nayo pia yanawahusu.) Kilibaki gramu 440. Maji gramu 160 kwa mbao kavu gramu 440 ni asilimia 36, karibu mara mbili ya kiwango mlichoandika.

Ninachodai ni hiki. Mlete mbao 22 za urefu na ukavu ulioandikwa kwenye hati, na zipimwe mbele yangu kabla ya kushushwa, fungu likiwa limefunguliwa. Mzichukue hizi kwa gari lenu, pamoja na zile 14 nilizokwisha kukata, kwa sababu nilizikata nikiamini maandishi yenu. Na mnilipe gharama ya misumari na ya usafiri wa mzigo wa kwanza. Kazi yangu ya kutengeneza kenchi saba, na ya kuzibomoa, sijaiwekea bei.

Nawapa siku 7 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita kimya, nitaipeleka pamoja na kile kipande cha mbao kwenye taasisi inayomlinda mlaji.

Mbao ambazo sijazitumia nimezipanga juu ya matofali, kila safu imetenganishwa kwa vipande vyembamba ili hewa ipite. Mkija kuzikagua njooni na kipima unyevu chenu, na mpime katikati ya mbao, si kwenye ncha.

Wenu,
Mteja