Salamu za Mwaka Mpya, na ugomvi ambao sikuumaliza

Ndugu, jamaa na marafiki. Wakubwa, shikamooni. Wadogo, marahaba, nimewaitikia kabla hamjaamkia.

Kama ilivyo ada, nawatakia heri ya Mwaka Mpya, ninyi na wote mnaoishi nao, popote mlipo. Mwenyezi Mungu aliyetuvusha mwaka huu atuvushe na ujao tukiwa na afya njema, amani na riziki isiyokatika. Wagonjwa wapone, wasafiri wafike salama, wanafunzi wafaulu, waliofiwa wafarijike.

Hayo ndiyo ninayoandika kila mwaka, na najua baadhi yenu huyanakili na kuyasambaza bila kugusa hata koma. Hamjakosea, ndiyo kazi yake. Mwaka huu nilitaka niishie hapo nikalale. Nimeshindwa.

Mwaka umekuwa mgumu, simwambii mtu jipya. Kila nilikobisha hodi, mazungumzo yalianza na hali za wazee yakaishia kwenye bei. Bei nimezizoea, nimeishi nazo umri wangu wote. Ambalo halizoeleki ni kwamba niligombana na kaka yangu kwa ajili ya bei hizohizo.

Mlio kwenye kundi la familia mnakumbuka. Kaka alituma taarifa kwamba mfumuko wa bei umeshuka, akaongeza kwa mkato wake ule: "Haya, walalamishi mpo?" Mimi nilikuwa nimetoka kununua vitu vya nyumbani muda huohuo, mfuko mwepesi na pochi nyepesi zaidi. Nikamjibu kuwa anayeamini takwimu hizo hajanunua kitu kwa mkono wake siku nyingi. Akajibu. Nikajibu. Vikaingia vyama, likaingia swali la nani alimpigia nani kura, na mwisho nikaandika neno ambalo sitalirudia hapa. Akatoka kwenye kundi. Miezi mitano baadaye tukamzika, na katika miezi hiyo hakuna aliyempigia mwenzake simu.

Watu walipotawanyika msibani, nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Kitu kilikuwa kinauzwa 100. Mwaka wa kwanza kikapanda kwa asilimia 20, kikafika 120. Mwaka wa pili kikapanda kwa asilimia 5 tu, kikafika 126. Mfumuko umeshuka kutoka 20 hadi 5, kweli tupu. Mnunuzi analipa zaidi ya mwaka jana, nayo kweli tupu. Anayetangaza anapima mwendo, anayenunua anabeba mzigo. Kaka alikuwa sahihi, nami nilikuwa sahihi, na tukanuniana hadi kaburini.

Tungekaa wawili tungefika mbali zaidi ya hapo. Tungekumbushana kuwa vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022 viliwakuta wauzaji wawili, Urusi na Ukraine, ambao kwa pamoja walikuwa wakiuza karibu theluthi ya ngano yote iuzwayo nje duniani, na mwezi uliofuata bei za vyakula katika soko la dunia zikafika kiwango ambacho Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa halikuwa limewahi kukiandika. Tungeongeza kuwa benki kuu ya Marekani, katika kupambana na mfumuko wa kwao, ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia 5 ndani ya mwaka mmoja na miezi kadhaa, na serikali nyingi zilizokopa kwa dola zikajikuta deni linanenepa hata bila kukopa tena. Leo, kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, watu zaidi ya bilioni 3 wanaishi katika nchi ambazo serikali zake zinalipa riba ya madeni fedha nyingi kuliko zinazotumia kwa afya, au kwa elimu. Riba peke yake. Deni lenyewe bado limekaa palepale.

Sisemi haya kuwasafisha wakubwa. Mikataba ya mikopo ilisainiwa na mikono yenye majina, na mwizi wa mali ya umma hakusubiri vita vya mtu yeyote ili aanze kuiba. Ila mwananchi anayejua mzigo umetoka wapi anauliza swali gumu zaidi kuliko anayetukana tu. Na mimi, nakiri, nilitukana tu.

Wapiga kura duniani wameshaonyesha hasira yao. Mwaka 2024, nchi zenye karibu nusu ya watu wote duniani zilipanga foleni za uchaguzi. Botswana, chama kilichotawala tangu uhuru wa 1966 kikaondoka. Uingereza, miaka 14 ya chama kimoja ikaisha kwa usiku mmoja. Afrika Kusini, ANC ikakosa wingi wake kwa mara ya kwanza tangu 1994. Sababu zilikuwa nyingi, lakini ugumu wa maisha ulikuwa kila mahali. Nawapa heko waliopanga foleni. Lakini kura inabadili anayeshika kalamu, haifuti alichoandika mwenzake, na bei iliyopanda ni nadra kurudi ilikotoka. Waliochagua wakarudi kulala hadi uchaguzi mwingine wataamka na malalamiko yaleyale.

Ndiyo maana nawaomba, ndugu zangu, tusome Azimio la Haki za Binadamu la 10 Desemba 1948 mpaka mwisho. Wengi tunaipenda ibara ya 21, inayosema matakwa ya watu ndiyo msingi wa mamlaka ya serikali. Tuisome na ya 29, isemayo kila mtu ana wajibu kwa jamii yake. Hiyo hatuichapishi kwenye fulana! Tuulize bajeti kabla haijapitishwa, tusingoje ituume. Tusome ripoti za wakaguzi wa hesabu tunavyosoma matokeo ya mpira. Tusisambaze uongo kwa sababu tu unamchafua tusiyempenda. Anayenunua kura yako ameshapiga hesabu ya faida, na faida hiyo itatoka kwenye dawa ya mtoto wako. Nanyi viongozi, mkitangaza kuwa mfumuko umeshuka, tamkeni na sentensi ya pili, kwamba bei hazijashuka, maana ukimya wenu juu ya sentensi hiyo unagombanisha watu mezani. Na sisi tunaogombana, ee ndugu zangu, tujiulize ni kiongozi gani atakayekuja kutubebea jeneza…

Basi. Naona nimepanda mimbari. Kaka angekuwepo angekuwa ameshaniambia nishuke.

Nirudi kwenye salamu. Nawatakia mwaka wa baraka, wenye kazi wazidishiwe, wasio na kazi wapate, wenye madeni walipe, na walionuniana wapigiane simu leo, hata kama ni kuulizana habari za mvua. Shemeji, siku ya kwanza ya mwaka nitakuja kukusalimu wewe na watoto. Sitakuja na maneno mengi.

Namba yake sijaifuta. Ujumbe wa mwisho alionitumia mimi peke yangu ni wa Mwaka Mpya uliopita. Alinakili salamu zangu zote akanirudishia, koma zikiwa mahali pake. Nilidhani ni utani wake, sikujibu.