Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha wa Uganda: mchango wa jirani usikatwe njiani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha, Mipango na Maendeleo ya Uchumi,
Kampala.

Mheshimiwa,

YAH: KODI INAYOKATA MICHANGO YA UJENZI WA KITUO CHA JAMII

Nakuandikia kutoka nje kidogo ya Mbale. Mimi ni mkulima wa kahawa, ni Mwislamu, na ni mweka hazina wa kamati ya majirani inayochangisha fedha za kujenga ukumbi wa jamii kwa ajili ya Wayahudi wa kijijini kwetu. Wako watakaoshangaa kusikia Mwislamu akishika daftari la michango ya Wayahudi. Kwetu huku halishangazi mtu.

Habari za Abayudaya, yaani Wayahudi hawa wa Uganda, unazijua, lakini barua hii ni ya wazi na wengine wanaisoma, kwa hiyo nitazigusa. Semei Kakungulu alikuwa jemadari Mganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya nchi hii, kisha wakakosana. Mwaka 1919, baada ya kuisoma Torati, aliamua kuishika kama ilivyoandikwa, akajitahiri yeye na wanawe. Watu waliomfuata ndio hawa. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao, wengi wakaiacha, wachache wakaendelea kusali kwa siri. Alipoanguka mwaka 1979 walikuwa wamebaki kama 300. Walioinyanyua jamii hiyo upya walikuwa vijana, pale kilima cha Nabugoye, na leo waumini ni zaidi ya 2,000, wametawanyika katika vijiji kadhaa. Mmoja wa vijana wale, Gershom Sizomu, alisomea urabi Los Angeles, akatawazwa mwaka 2008, na mwaka 2016 wananchi wa Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao ni Wakristo na Waislamu, wakamchagua kuwa mbunge wao.

Mengi yaliyojengwa tangu hapo yametokana na sadaka za watu wa mbali. Sinagogi kubwa la Nabugoye, lililokamilika mwaka 2016, linaitwa Stern kwa jina la familia ya Marekani iliyolichangia. Kituo cha afya cha Tobin, kilichofunguliwa Mbale mwaka 2010, nacho kimejengwa kwa misaada ya Wayahudi wa Marekani. Pale mgonjwa haulizwi anasali wapi. Shule ya msingi ya Hadassah na sekondari ya Semei Kakungulu zimepokea watoto wa dini zote. Nawashukuru waliotoa, kwa dhati kabisa. Mtoto mwenye malaria hajui fedha ya dawa imetoka wapi, na hana haja ya kujua.

Ila kuna jambo linaloniuma, Mheshimiwa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mmarekani anayechangia jengo la huku kupitia shirika la hisani lililosajiliwa kwao anaruhusiwa kuutoa mchango huo katika mapato yanayokatwa kodi. Sheria yao imeruhusu jambo hilo tangu mwaka 1917. Jirani yangu anayechangia jengo lile lile, kwa simu yake, kutoka kwenye mauzo ya kahawa yake, mchango wake unakatwa kodi. Wa mbali anapunguziwa, wa karibu anatozwa. Sidhani kuna aliyekaa akapanga iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Nieleze tunavyochanga. Tunakutana Jumapili alasiri, kwa sababu Ijumaa sisi tuko msikitini, Jumapili asubuhi wenzetu wako kanisani, na Wayahudi hawashiki fedha tangu jua la Ijumaa lizame hadi nyota zitoke Jumamosi usiku. Tunakaa chini ya mwembe, daftari liko mapajani mwangu. Mama mmoja analeta trei mbili za mayai, zinanadiwa papo hapo. Mwingine anaahidi matofali ya kuchoma, na kweli wiki inayofuata yanafika kwenye toroli. Bibi mmoja mjane, Mpentekoste, alileta debe la kahawa kavu, akakataa jina lake lisomwe. Fundi aliahidi kupandisha kuta hadi kwenye lenta bila kudai ujira. Walio Kampala, Jinja na Nairobi wanatuma kwa simu, na kila ujumbe ukiingia ninausoma kwa sauti, watu wanapiga makofi.

Fedha za simu ndizo nyingi kuliko zote, na ndizo zinazoliwa. Mwenye lori la mchanga anataka taslimu. Anayeuza mawe ya msingi anataka taslimu. Hata akikubali kulipwa kwa simu, naye ataenda kwa wakala kuzitoa. Kila zinapotolewa serikali inachukua asilimia 0.5, mbali na ada ya kampuni ya simu. Mwaka 2018 kodi hii ilianza kwa asilimia 1, wananchi wakalalamika, Bunge likaipunguza na kuibakiza kwenye kutoa tu. Tulishukuru. Lakini kwenye kila milioni 10 bado ni shilingi 50,000 zinazoondoka, na hizo ndizo mayai ya mama yule na jasho la yule wa toroli. Mfanyabiashara anaweza kuiingiza kodi hiyo kwenye bei ya bidhaa zake. Sisi hatuna bidhaa ya kuipandishia bei.

Najua utaniambia sheria ya kodi ya mapato imeshaliona suala la hisani. Ni kweli. Anayetoa zawadi kwa taasisi iliyosamehewa kodi anaweza kuiondoa kwenye mapato yake yanayotozwa, mradi isizidi asilimia 5 ya mapato hayo. Ni sheria nzuri kwa mwenye kampuni na mhasibu. Mkulima wa nusu ekari ya kahawa hawasilishi hesabu za mapato kwa mtu, kwa hiyo unafuu huo haumgusi. Na taasisi yenyewe ni lazima kwanza ipate uamuzi wa maandishi wa Kamishna kwamba imesamehewa. Kamati ya kijiji, ambayo katibu wake ni mwalimu mstaafu na ofisi yake ni meza ya jikoni, itaanzia wapi?

Kwa nini ukumbi, wakati sinagogi lipo? Sinagogi ni la sala. Wenzetu Wayahudi wanahitaji mahali pa kulia mlo wa Pasaka yao wakiwa wengi, pa kufundishia watoto Kiebrania, pa kulaza wageni wanaotembea kwa miguu kutoka vijiji vya mbali kabla Sabato haijaingia. Na siku nyingine za wiki ukumbi huo utakuwa wetu sote: kikao cha chama cha akiba na mikopo, chanjo za watoto, mwanga wa sola kwa wanafunzi wa mtihani. Kuchanganyika huku hakujaanza leo. Mwaka 2004 J. J. Keki, Myahudi wa huku aliyekuwa New York siku magaidi walipoyaangusha majengo marefu mawili mwaka 2001, alirudi akapita nyumba kwa nyumba akiwaomba Waislamu na Wakristo waunde naye ushirika wa kahawa. Ushirika huo ni Peace Kawomera, na kahawa yake iliuzwa hadi California.

Wapo wanaonikabili barazani wakiniuliza nawezaje kuwachangia Wayahudi wakati Gaza inavuja damu. Swali hilo silikwepi. Mateso ya Gaza yananikosesha usingizi, na naomba dua kwa ajili yao. Lakini jirani yangu wa Nabugoye hana jeshi wala ndege. Ana migomba, ana ng'ombe mmoja, na msiba uliponipata alifika kabla ya ndugu zangu wa damu. Nikimnyima tofali kwa ajili ya vita vilivyo maelfu ya kilomita kutoka hapa, nitakuwa nimemdhulumu, na dini yangu hainiruhusu kudhulumu.

Katika kukaa nao nimejifunza kwamba kwao kutoa si fadhila ya mwenye nacho. Ni wajibu, na hata maskini anayeishi kwa kusaidiwa anatakiwa naye atoe kidogo. Maimonides, rabi na tabibu wa karne ya 12, aliweka madaraja manane ya kutoa, na la juu kabisa ni kumwezesha mtu asimame mwenyewe, asihitaji kuomba tena. Hapo ndipo jamii hii inapotaka kufika. Wamesaidiwa sana kutoka nje. Ukumbi huu wanataka uinuke kwa mikono yao na ya majirani zao. Waswahili tunasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Serikali iuache moyo huo ufanye kazi.

Basi ombi langu ni hili. Kikundi cha kijamii kilichosajiliwa, chenye namba yake ya simu ya kupokelea michango, kisamehewe ile asilimia 0.5 kinapotoa fedha za ujenzi, na muuza mchanga anayelipwa kutoka namba hiyo naye asikatwe. Uamuzi wa msamaha wa kodi ya mapato uwezekane kuombwa hapa hapa Mbale, kwa fomu ya kurasa chache, iwe pia kwa Lugisu, Luganda na Kiswahili. Iwe kwa wote: msikiti unaochimba kisima, kanisa linaloezeka zahanati, na watu wa Bukedi wanaotaka maktaba.

Hofu ya wezi naielewa. Kuna watu wanaosajili yatima wasiokuwepo. Dawa yake ni hesabu kuwekwa hadharani. Sisi hubandika ukurasa wa mapato na matumizi kwenye mlango wa duka, kila mwezi, hadi bei ya misumari. Mkitaka kila kikundi kinachosamehewa kilazimishwe kufanya hivyo, sisi wa kwanza kukubali. Mkitaka kuweka kikomo cha kiasi kwa mwaka, wekeni. Mkaguzi aje siku yoyote isipokuwa Jumamosi, maana mwenyekiti wetu hatamfungulia daftari siku hiyo.

Hotuba ya bajeti husomwa mwezi Juni, na miswada ya kodi hufika bungeni kabla yake. Kamati yetu iko tayari kuja Kampala, mbele ya kamati ya fedha ya Bunge, na daftari letu mkononi, kwa nauli yetu wenyewe. Tunaomba tuitwe.

Wako katika kulijenga taifa,

Mweka hazina,
Kamati ya Majirani ya Ujenzi wa Ukumbi, Mbale