Kwa vijana wangu mnaoingia melini

Wanangu,

Nimesikia mmepata kazi kwenye meli za uvuvi wa bahari kuu. Hongereni. Mmekuja barazani kwangu kuniuliza mshahara na mkataba, lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza huko mtakula nini.

Januari 1499 baharia Mreno Vasco da Gama alirejea Malindi kutoka India. Kwenda, alipewa rubani Malindi, akavuka chini ya mwezi mmoja. Kurudi hakungoja kaskazi ikolee, bahari ikamshika karibu miezi mitatu. Kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C ya matunda na mboga, kikaingia chomboni. Fizi zilivimba hadi zikafunika meno, mtu asiweze kutafuna, miguu ikajaa. Watu kama 30 walikufa katika kuvuka huko tu, na kila merikebu ikabaki na mabaharia 7 au 8 wenye nguvu ya kushika kazi. Kufika Malindi, walituma mtu pwani akatafute machungwa. Kumbe walijua! Wengine yaliwakuta wameshachelewa. Merikebu moja, São Rafael, waliichoma moto wenyewe kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Ujuzi huo haukufanywa kanuni. Mwaka 1747 daktari wa meli, Mskoti James Lind, aligawa wagonjwa 12 wawili wawili: hawa siki, hawa maji ya bahari, hawa machungwa mawili na limau moja kila siku. Mmoja wa wala matunda alirudi kazini baada ya siku sita tu. Hata hivyo, wakubwa wa jeshi la majini la Uingereza hawakuagiza maji ya limau hadi mwaka 1795. Miaka 48, na watu wanazikwa baharini!

Wala tusijigambe kwamba wazee wetu walikuwa wajanja kuliko Wareno. Jahazi lilikwenda na msimu, likafika bandarini kabla akiba ya vitamini hiyo mwilini haijaisha. Meli zenu hazina msimu. Zaweza kukaa nje miezi.

Mimi, meli moja nisiyoitaja, tulikula wali na samaki wa kopo hadi mswaki ukawa unatoka na damu kila asubuhi. Nahodha alisema ni dawa ya meno mbaya.

Basi kabla ya kutia saini, ulizeni matunda na mboga hupakiwa kila baada ya muda gani. Na kila mmoja achukue kikapu chake cha ndimu, zile mbichi za ganda gumu. Mkamulie chakula kikishapoa, msizichemshe. Moto huua nguvu yake. Mpishi akiwacheka, mkamulieni na yeye.

Babu yenu